Baba anachimba vifusi, mume anataka pevingi, nami nataka nyasi

Shangazi, shikamoo.

Nimechoka, na si kwa kazi za nyumbani bali kwa usuluhishi. Nimeolewa, nina watoto wawili, na wa mwisho ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Tulihamia nyumba yetu wenyewe baada ya ujenzi uliotutoa jasho, na nyuma yake tuna uwanja wa mita 10 kwa 12. Wengine wakijenga huwaza sebule. Mimi niliuwaza uwanja ule ukiwa na nyasi, mtoto aanguke asiumie.

Kumbe mafundi hawakuhamisha vifusi. Walivisukumia huko nyuma, wakavisawazisha, wakamwaga juu yake udongo mwekundu wa kufunikia aibu. Sisi hatukujua. Tukanunua nyasi za kutandika, zile zinazokuja zimekunjwa, zikapendeza, wageni wakasifu. Jua lilipokaza zikaanza kufa, tena hazifi ovyo: zinakufa kwa mabaka yenye kona, utadhani kuna mtu aliyechora mistatili chini yake. Kwingine zimekuwa njano hata nikimwagilia asubuhi na jioni. Na upande wa ukutani mvua ikinyesha maji yanatuama siku kadhaa. Nilipochokonoa kwa kisu nikagonga zege. Nikafukua zaidi, nikakuta vipande vya matofali, plasta, misumari, vigae, hata mfuko mzima wa saruji iliyoganda.

Sasa baba. Mama alifariki mwaka jana, na baba akaja kukaa nasi. Amekuwa mkulima maisha yake yote. Alipouona uwanja ule hakusema kitu, ila kesho yake alfajiri nikasikia sururu. Tangu siku hiyo ndiyo kazi yake. Amefukua kama robo ya uwanja, na rundo la mawe limefika usawa wa dirisha la jiko. Hataki jiwe hata moja libaki. Anasema, "Shamba halilimwi juu ya makaburi ya nyumba."

Mume wangu ni mpole, lakini hili limemshinda. Anasema mzee ataumia, rundo linatia aibu, na pesa tulishazipoteza kwenye nyasi mara moja, inatosha. Anataka tuweke pevingi, vile vitofali vya zege vya kutandika chini, uwanja wote kabla ya mvua kuanza. Juzi alimleta fundi kupima, baba akiwa pale pale ameshika sururu. Baba hakufungua mdomo. Usiku huo hakula.

Nina akiba yangu mwenyewe. Inatosha ama kununua malori ya udongo mzuri, ama kuwalipa vijana wamalize kuchimba na kuhamisha mawe, si vyote viwili. Nikimfuata mume, nitamvunja baba moyo. Nikimwacha baba aendelee, itachukua miaka, na kitumbua kitaingia mchanga. Nimsikilize nani?

Tena jirani ameniambia nyasi zinaugua kwa sababu udongo ni mchachu, ninyunyize chokaa. Nimeshanunua mfuko, uko stoo.

Wako,
Niliye Katikati

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kufiwa na mama. Umelitaja kwa sentensi moja tu, katikati ya zege na misumari, ukapita. Mimi nitalirudia baadaye kidogo.

Nikikuelewa vizuri, una uwanja mmoja, watu wawili unaowapenda, kila mmoja na dawa yake, na fedha za dawa moja. Unataka nikutajie mshindi. Hilo sitalifanya, kwa sababu mimi siishi humo ndani. Lakini yapo mambo uliyoyaandika kama ya hakika, nami nikiyasoma naona si ya hakika sana.

Angalia kwanza jambo ambalo baba na mumeo, pamoja na kupingana kwao, wanakubaliana: ama mawe yote yatoke, ama nyasi zisahauliwe. Umelipokea nawe bila kulihoji. Nyasi zenyewe hazina masharti makali hivyo. Sehemu kubwa ya mizizi yake huishi karibu na uso wa ardhi. Zikipata sentimita 15 za udongo unaoshika maji na kupitisha hewa, na 20 ikiwezekana, zinaishi. Kokoto na vipande vidogo vya tofali vilivyo chini ya hapo havizidhuru, tena husaidia maji kushuka. Kinachoziua ni bamba, yaani kipande kipana cha zege kilicholala karibu na juu. Udongo kiduchu uliokaa juu yake unakauka upesi na mizizi haina pa kwenda. Ndiyo maana mabaka yako yana kona. Kiangazi kimekuonyesha bure kila bamba lilipo, kwa hiyo yapige picha mabaka hayo, au yawekee vijiti pembeni, kabla mvua haijayaficha.

Baba anasema shamba halilimwi juu ya makaburi ya nyumba. Kwa shamba, nakubali. Kwa nyasi, hapana. Huko Munich, Ujerumani, kuna kilima kiitwacho Olympiaberg ambacho kimerundikwa kwa vifusi vya nyumba zilizobomolewa katika Vita vya Pili vya Dunia, na leo watu wanakipanda na kukaa kwenye majani yake. Na Charles Darwin, yule mwanasayansi wa Uingereza, alikuwa na shamba karibu na nyumbani kwake lililotapakaa mawe ya gumegume kiasi kwamba wanawe waliliita shamba la mawe. Lililimwa kwa mara ya mwisho mwaka 1841, likaachwa liote majani. Kufikia 1871 farasi aliweza kulikimbia kutoka mwanzo hadi mwisho bila kwato zake kugonga jiwe. Mawe hayakuokotwa. Nyungunyungu ndio waliokuwa wakipandisha udongo juu kidogo kidogo, na mawe yakawa yanazama. Darwin alipopima alikuta kama sentimita 6 za udongo mpya juu yake. Sikuambii usubiri miaka 30, huyo anayetambaa atakuwa ameshakuletea wajukuu. Ninachosema ni kwamba uwanja wako umepungukiwa udongo wenye uhai kuliko ulivyozidiwa na mawe, na hayo ni matatizo mawili tofauti.

Hapo ndipo hesabu yako ya akiba inaponitatiza. Umeigawa mara mbili: udongo, au vijana wa kuchimba. Lakini kila toroli la mawe linalotoka linaacha shimo la toroli moja. Uwanja wako una mita za mraba 120. Ukichimbwa wote kwa kina cha sentimita 30, unahamisha mita za ujazo 36, na sehemu yake iliyokuwa mawe haitarudi. Uwanja utazama, nao utadai udongo wa kuujaza. Kwa hiyo kuchimba kote hakukuepushi na gharama ya malori. Kunaiahirisha tu mpaka siku ambayo fedha zitakuwa zimeshakwisha. Sidhani kama baba amelifikiria hili, kwa sababu shambani kwake mawe yalikuwa machache kuliko udongo.

Udongo wa kununua nao una mitego yake. Kwa sentimita 15 juu ya uwanja wote utahitaji mita za ujazo 18, na zaidi kidogo kwa sababu udongo uliomwagwa hushuka ukishakaa. Huo ni mzigo wa tani 20 na ushee. Nenda ukauone kabla haujapakiwa, uuchote mkononi, uchekeche kidogo. Kuna wanaouza kifusi kingine wakikiita udongo, na kuna udongo mzuri uliojaa mizizi ya magugu yatakayokusumbua miaka. Kisha angalia ukuta wa nyumba. Juu ya msingi huwa kuna utando wa kuzuia unyevu usipande ukutani, na udongo wa bustani unatakiwa ubaki chini yake, kama sentimita 15 hivi. Ukiujaza mpaka ukaupita, utaondoa shida nje na kuiingiza chumbani.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye yale maji yanayotuama. Malori na mashine za zege zilipita hapo, na huenda zimeishindilia ardhi ikawa ngumu. Fanya jaribio hili kabla ya kutoa hata senti: chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, ulijaze tena na uone kiwango kinavyoshuka. Kikishuka sentimita 2 au zaidi kwa saa, shukuru. Kisipofika hata sentimita 1, kuna tabaka lililoshindiliwa, na udongo mpya ukimwagwa juu yake utakuwa bwawa lenye nyasi. Tabaka hilo lazima livunjwe kwa sururu au mtarimbo kwanza, kisha udongo mpya wa kwanza kumwagwa uchanganywe na ule wa chini ili maji yasikutane na mpaka mkali. Mboji ya sentimita 3 hadi 5, ikichanganywa na zile sentimita 15 za juu, itafanya kazi ambayo mbolea ya dukani haiwezi. Samadi ni nzuri pia, ila iwe imeoza ikaiva, maana mbichi huunguza na huja na mbegu za magugu.

Na pevingi je? Nakuomba usiione kama adui. Nahisi mumeo hazichukii nyasi. Ameumizwa na pesa iliyopotea, na mtu aliyeumia hupenda kitu kisichoweza kufa. Lakini mwulize maswali yale yale ambayo nyasi zimeulizwa. Vifusi vilivyosukumwa bila mpango vina mianya ndani, na pevingi ikilazwa juu yake bila kuvishindilia sawasawa hudidimia hapa na kuinuka pale. Maji yanayotuama sasa ukutani hayatatoweka, yataongezeka, kwa sababu uwanja wote utakuwa unayamwaga badala ya kuyanywa. Na kipindi cha jua kali sakafu hiyo hupata moto, wakati mtoto wako anatembelea viganja na magoti. Akiwa na majibu mazuri kwa haya, basi ana hoja, mpe haki yake.

Katikati ya hao wawili kuna njia nyingi, na kila moja ina makali yake. Unaweza kutoa mabamba tu, yale yaliyojionyesha kwa mabaka, ukaacha kokoto ndogo zibaki, ukaongeza udongo kwa awamu, kipande kwa kipande. Ubaya wake ni kwamba kwa muda mrefu uwanja utaonekana kama kazi iliyoachwa, na sijui mumeo atavumilia kiasi gani. Unaweza kugawa uwanja: pevingi upande wa jiko, nyasi upande wa watoto. Vipande safi vya zege na tofali kutoka kwenye lile rundo, vikipondwa vidogo na kushindiliwa, vinafaa kuwa msingi chini ya pevingi, na baba akiona mawe yake yanatumika huenda ikawa kitu kingine kabisa kwake. Lakini mgawanyo wa namna hii ukifanywa ili kila mtu anyamaze tu, unaweza kuishia kuwa na pevingi ndogo mno na nyasi ndogo mno, na nyote watatu mkanuna.

Au ushushe matarajio. Nyasi zenye kustahimili ukame zikichanganywa na klova, mmea mfupi wa jamii ya kunde, hukubali udongo duni, na klova hujitengenezea naitrojeni, yaani chakula cha mimea, kutoka hewani. Ila maua yake huita nyuki, na hilo ulipime kwa mtoto anayetambaa. Kona iliyoshindikana kabisa waachie maua ya porini. Maua hayo udongo maskini ndio yanaoupenda. Kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, kimekuwa kikitia mbolea baadhi ya vipande vya malisho na kuviacha vingine tangu 1856, na vile visivyotiwa ndivyo vyenye aina nyingi zaidi za mimea.

Kuna jambo moja ambalo hapo sina upole nalo, nalo ni usalama wa mzee. Mumeo ana haki kuogopa. Misumari yenye kutu na pepopunda ni marafiki wa zamani, kwa hiyo baba apate chanjo kama ya mwisho ni ya zamani, avae buti na glavu nene. Ulizeni mabomba ya maji na nyaya za umeme zimepita wapi kabla sururu haijawajibu. Na kama palikuwa na nyumba ya zamani hapo kabla yenu, kukitokea vipande vya mabati ya asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu, msivivunje wala kuvifagia vikiwa vikavu; kazi isimame na muwaite wanaojua kuviondoa. Rangi za zamani nazo huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mtoto wa umri wa wako hutia kila kitu mdomoni. Wakati huo kupeleka udongo maabara si anasa.

Sasa nirudi kwa baba. Mtu amempoteza mke, ameacha shamba lake, amehamia kwenye nyumba ya mkwewe ambako hana jembe wala kauli. Alfajiri ya kwanza akaona ardhi iliyoharibika. Je, una uhakika anachimba kwa ajili ya nyasi? Mimi sina. Inawezekana pia kwamba siku uwanja utakapokamilika ndiyo siku anayoiogopa. Kama ni hivyo, kumalizia kazi yake kwa kukodi vijana kunaweza kumuumiza kuliko pevingi yenyewe, ingawa wewe ungekuwa umefanya kwa mapenzi. Kaa naye ukimenya au ukifua kitu, usimwite kikao. Mwulize angetaka kufanya nini hapo baada ya mawe.

Na mumeo, kumleta fundi mbele ya mzee ameshika sururu kumenichoma hata mimi niliyesoma tu. Lakini fikiri: mkwe hawezi kumwambia baba wa mkewe "acha." Heshima imemfunga mdomo, akamleta mtu mwenye futi kamba aseme kwa niaba yake. Baba naye hawezi kumpinga mwenye nyumba ndani ya nyumba yake, kwa hiyo anajibu kwa sururu. Wote wawili wanakupitishia wewe maneno wasiyoweza kuambiana. Swali lako lilikuwa umsikilize nani. Mimi ningeuliza kama ni lazima uendelee kuwa mkalimani, au kama yupo mjomba au mtu mzima mwingine wanayemheshimu wote anayeweza kuwakalisha pamoja, wewe ukiwa na neno lako. Maana katika barua nzima umeeleza wanachotaka wao kwa kirefu, na chako ukakitaja mara moja: mtoto aanguke asiumie. Hilo linahitaji mita ngapi za mraba? Pengine 120, pengine 30. Jibu la swali hilo linabadilisha idadi ya malori, na huenda likabadilisha mazungumzo.

Tumalizie na mfuko ulio stoo. Jirani yako ana nia njema, na kwenye udongo mchachu chokaa ni dawa. Lakini saruji na plasta zimejaa chokaa, na vifusi vyake hupandisha pH ya udongo, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba yake ikipanda uchachu umepungua, wakati mwingine ikapita 8, ilhali nyasi nyingi hupenda 6 hadi 7. Udongo ukifika huko, madini ya chuma yamo lakini mmea hauwezi kuyavuta, na majani yanakuwa njano hata umwagilie vipi. Nadhani ndiyo njano unayoiona. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, uudondoshee siki. Ukitoa povu, chokaa tayari imo tele. Ukitaka uhakika zaidi, vipimo vya pH huuzwa panapouzwa pembejeo. Mpaka upate jibu, mfuko huo usifunguliwe, na kama duka linapokea bidhaa zisizofunguliwa, urudishe, pesa yake ikanunue mboji.